Mithali 31 haiishii kwenye aya ya 15

Wiki nzima kabla ya seminari ya akina mama nilikuwa nalala saa saba za usiku. Mimi ni mshonaji, na akina mama wa kanisa wakishakubaliana kuvaa kikwembe (kitenge) kimoja, cherehani yangu haipumui. Basi Ijumaa jioni, nilipoingia kanisani hapa Ibanda, mjini Bukavu, nilitafuta kiti cha ukutani, pa kuegemea. Mbele yangu niliona migongo ya watu tu, nami nikaanza kukagua zipu nilizozipachika kwa mikono yangu. Moja imekwenda kombo. Mwenyewe hajajua, na ninaomba asijue.

Sikutarajia jipya. Nimehudhuria seminari za akina mama tangu usichana wangu, na somo huwa lile lile: Mithali 31, mke mwema. Wahubiri wana aya zao wanazozipenda. Aya ya 15, huyu mke anaamka kungali usiku. Aya ya 18, taa yake haizimiki. Tunaitika amina kwa nguvu, sisi tunaoamka saa kumi kuwahi maji kabla bomba halijakauka, kisha tunarudi nyumbani tukijilaumu kwamba bado tunalala sana.

Jumamosi asubuhi waliingia wenzetu wa kisiwa cha Idjwi, wametoka kwenye boti, vikwembe vimelowa hadi magotini, na wanaimba. Katikati ya pambio umeme ukakatika, kinanda kikanyamaza. Hakuna aliyeacha kuimba. Sauti ilipanda hadi nikasikia kiti changu kinatetemeka. Nililia, sioni haya kusema. Baada ya mwaka kama ule tulioupitia mjini hapa, mtu anahitaji mahali pa kulilia ambapo hakuna mtoto anayemtazama.

Lakini kilichoniinua kweli kilikuja baada ya chai. Mama Pasta alimkaribisha mama mmoja avoka, yaani wakili, muumini kama sisi. Alisoma aya ya 16: huyu mke anaangalia shamba, analinunua, kisha anapanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake. Akaifunga Biblia.

“Alimwomba nani ruhusa?”

Kimya.

“Na mume yuko wapi?”

Sauti ikatoka nyuma: “Aya ya 23! Ameketi langoni na wazee!”

Kanisa zima liliangua kicheko. Yeye akasubiri kitulie, akatuambia kwamba mwanamke huyo angeishi Kongo chini ya Sheria ya Familia ya mwaka 1987, lile shamba lingemshinda. Sheria ile ilitaka mke aliyeolewa awe na ruhusa ya mume ili anunue au auze mali, aweke mkataba, hata apeleke kesi ya madai mahakamani. Ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016 na ruhusa ile ikafutwa. Sasa mume na mke wanatakiwa wapatane wote wawili kuhusu mikataba inayowafunga, na wasipopatana, anayeona ameonewa anaweza kwenda mahakama ya amani. Hakutupambia mambo: sheria bado inamwita mume mkuu wa nyumba. Ila mkuu anayepatana na mwenzake si sawa na mkuu anayetoa ruhusa.

Miaka ilikuwa imepita tangu 2016, na mimi sikujua. Ninapanga chumba cha kushonea, ninakopa vitambaa, na siku zote nilidhani ninafanya hivyo kwa kujificha, kinyume cha sheria.

Kisha akauliza ni nani ndoa yake imeandikishwa komini, yaani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Mikono ilikuwa michache mno. Wengi wetu ng'ombe walitolewa, pasta akatubariki, picha zikapigwa, tukadhani yamekwisha. Akaeleza taratibu, bila kututisha: sheria inampa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyoishi na mumewe, lakini hakimu atauliza kwanza ile karatasi. Nani asiyemjua mama aliyetolewa nje na shemeji zake kabla hata matanga hayajakwisha? Niliona wawili wakifuta macho kwa ncha ya kilemba, na kilio hicho hakikuwa kile cha pambio.

Baadaye mzee mmoja wa kanisa alilalamika mlangoni kwamba seminari ya kiroho imegeuzwa darasa la siasa. Hata akina mama kadhaa walisema walikuja kupumzisha moyo, si kuhesabu vifungu vya sheria. Hao ninawaelewa. Mzee simwelewi. Aya ya 16 imo ndani ya Biblia ile ile anayoishika Jumapili; kama aya ya 15 ni ya kiroho, ile inayoifuata imekuwaje siasa?

Mimi ninalo langu la kulalamikia. Wakati avoka anasema, wenzetu karibu kumi na watano walikuwa nyuma ya kanisa kwenye moshi, wanakaanga samaki wadogo wa sambaza na kusonga bugali. Seminari ni ya akina mama, na wapishi ni akina mama! Baba zetu siku hiyo walikuwa na kazi gani? Nilichukua kisu, nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikawasimulia yote huku ninamenya vitunguu. Mmoja, mwiko mkononi, aliniuliza bila kusimamisha kazi:

“Kwa hiyo naweza kufungua konti bila kumuuliza baba watoto?”

“Ndiyo.”

“Benki gani?”

Tulicheka hadi mwingine akapaliwa na moshi. Mabenki yalikuwa yamefunga milango hapa tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025. Alipomaliza kucheka aliugonga mwiko ukingoni mwa sufuria, akaniambia nirudie vizuri ile habari ya karatasi ya komini, polepole, kwa sababu hiyo haihitaji benki.

Na kati ya mikono ambayo haikunyanyuliwa, mmoja ulikuwa wangu. Miaka kumi na tisa ya ndoa. Jumapili usiku nilimweleza mume wangu. Aliweka kijiko chini, akauliza: “Mbona unataka karatasi sasa, unaniona ninakufa?” Akanyamaza Jumatatu. Akanyamaza Jumanne. Jumatano, akiwa anafunga kamba za viatu, aliuliza wanahitaji mashahidi wangapi.