Gombe la Tumbatu

Hivi jamani, mwalimu akishastaafu, ngeli nazo hazistaafu? Nauliza tu, maana natoka harusini sasa hivi, kanzu imeloa jasho mpaka mgongoni, na hamu yote ya kucheka imeniisha.

Mnanijua. Kikwajuni hapa haozi mtu bila ya mimi. Si kwamba nina cha kuchangia, mwezi wenyewe huu nani anacho? Kazi yangu ni moja. Ndoa ikishafungwa, watu wakakaa majamvini kusubiri masinia, njaa inauma, wakwe wanatazamana kwa pembe ya jicho, hapo mimi hukohoa kidogo, nikarudisha kofia nyuma, nikaanza. Dakika mbili tu, wakwe wanapigana mabega. Na leo nilikuja na kisa kipya kabisa. Hata barazani sijakitoa. Nilikificha kwa heshima ya shughuli.

"Basi bwana," nikaanza, "gombe moja lilipakiwa mashuani pale Mkokotoni, linapelekwa Tumbatu..."

"Alipakiwa."

Nikageuka. Maalim mmoja, simtaji, nusu ya watu waliokaa pale alishawachapa bakora. Kaegemea nguzo, macho kafumba, kama si yeye aliyesema.

"Maalim, sikusema ng'ombe. Nimesema gombe. Hili lilikuwa kubwa, lina ngeli yake: gombe lile, limepakiwa."

"Kwani akishakuwa mkubwa roho inamtoka?"

Watu wakacheka! Kicheko changu mimi, nilichokipanga wiki nzima, kapewa yeye bure, na wala hakufumbua macho.

Haya. Mimi mtu wa suluhu. Nikasema basi, ng'ombe alipakiwa, tuendelee. Akarukia ami wa bibi harusi: "Usikubali! Gombe lilipakiwa. Ndivyo tulivyosomeshwa skuli."

"Skuli gani hiyo?" Maalim akauliza.

"Kwako wewe, Maalim!"

Ungedhani pameisha. Akatokea kijana, wale wasioweza kukaa bila ya simu mkononi. "Si mtazame kamusi tu?"

"Kamusi ya wapi?" nikamuuliza.

"Kamusi la wapi," Maalim akanisahihisha.

Lahaula! Hapo nikajua nimekwisha. Maana kamusi la BAKIZA (baraza la Kiswahili la hapa kwetu Zanzibar), lililotoka 2010, limeandikwa juu ya jalada Kamusi la Kiswahili Fasaha. Ya BAKITA (baraza la Kiswahili la Taifa, kule Bara), iliyotoka 2015, imeandikwa Kamusi Kuu ya Kiswahili. Majaladani humo humo, hata hujafungua! Tumeungana tangu 1964, na hii "la" na "ya" mpaka leo hazijakalishwa meza moja. Majamvi yakagawanyika pande mbili. Wa "la" wakasogea ukutani, wa "ya" wakabaki kwenye feni, na nina shaka wengine walichagua upande kwa ajili ya feni.

Akainuka bwana mmoja kutoka Wete. "Nyinyi Waunguja nani kawapa mamlaka ya kutusahihisha watu?"

Maalim akafumbua macho kwa mara ya kwanza. "Mwaka 1928," akasema, taratibu, kama anaandika ubaoni. "Mkutano wa Mombasa. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu."

"Mpemba alialikwa?"

Kimya. Mzee mmoja wa Makunduchi, alokuwa kasinzia, akaamka akasema wao lugha yao hata sisi wa mjini hatuifahamu, na hawajapata kutuomba mkutano. Akasinzia tena. Kwa maoni yangu huyo ndiye aliyeshinda.

Na mimi je? Gombe langu liko katikati ya mkondo, mashua inalala upande, nahodha anapiga kelele, kamba inakatika, na hakuna hata mmoja anayeuliza kama lilifika, alifika, au walifika wote na nahodha wao! Kisa hiki mwisho wake, wallahi, ungemvunja mbavu hata bwana harusi, ambaye muda wote alikaa kama anasubiri sindano.

Masinia yakaingia. Hapo ngeli zote zikafa. Na nani kawekwa sinia moja na mimi? Maalim. Nyama moja tu ya maana ilikuwepo, imekaa juu ya pilau inanitazama, naye akainyakua kabla sijamaliza bismillahi.

"Maalim," nikamwambia, "huyo nyama uliyemchukua, ana roho au hana?"

Hakujibu. Mdomo umejaa. Miaka yote hiyo ya kusomesha, swali la kwanza linalomshinda ni langu, na sikupata hata shahidi, wote vichwa vimo ndani ya masinia.

Mtoto mdogo tu, wa nyumba ya pili, alinijia wakati wa kunawa. "Ami, ng'ombe alifika?" Nikamwambia kamuulize maalim wako.

Natoka nje nivae niondoke, makubadhi yangu hayapo. Yale ya Darajani, niliyoyanunua kwa idi, hata deni lake halijaisha. Nimetazama chini ya majamvi, nyuma ya masufuria, mpaka ndani ya gari la maturubai nimepanda. Nimerudi nyumbani kwa mguu maana utingo aliniona na hizi nilizovaa akacheka, nikashuka kwa hasira. Maji hayatoki, kwa hiyo miguu nayo naitazama tu.

Sasa wewe uliyechukua makubadhi yangu, sikiliza. Ndara zako ninazo mimi, moja buluu moja nyekundu. Zote mbili za kushoto. Sina neno, njoo tubadilishane. Lakini kwanza utanieleza ulitembeaje mpaka ukafika harusini.