Mionzi ya angani: kaka anapimwa, dada hapimwi

Wapwa zangu wawili wanafanya kazi penye mionzi. Mkubwa hupiga picha za eksirei katika hospitali moja hapa Unguja. Kifuani amebandika kifaa kidogo cha kupimia, na kila baada ya muda husomwa na kuandikwa. Mdogo wake ni mhudumu wa ndege za masafa marefu, huko juu inakozidi mionzi itokayo anga za mbali. Hana kifaa, wala hajapata kuonyeshwa hesabu yoyote. Na huko Marekani ilikadiriwa kwamba wanaoruka hupata wastani wa milisivati 3 hivi kwa mwaka (milisivati ni kipimo cha mionzi inayomfikia mtu), ilhali wa hospitali hawafiki 1.

Wanaosema tunatishana bure wana hoja. Rubani wa ndege ndogo ya Unguja na Pemba hapandi juu wala hakawii angani. Huku karibu na ikweta usumaku wa dunia hutukinga kuliko kule kwenye ncha. Kikomo cha wafanyakazi ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka, na wanaoruka hawakikaribii. Hata tafiti zilizokuta saratani ya matiti imezidi kwa wahudumu zinashindwa kuitenga mionzi na kukesha usiku.

Lakini kikomo hicho ni cha mtu mzima. Kwa mtoto aliye tumboni, tangu mama atoe taarifa mpaka ajifungue, kinachopendekezwa kimataifa ni milisivati 1. London hadi New York peke yake ni kama 0.05: nenda rudi mara kumi, imekwisha. Njia zetu hutoa kiasi kidogo kuliko hiyo, ila ratiba haichagui njia.

Tena kwetu mimba changa haitangazwi. Huchelewa kutajwa, husda ikiogopwa, hata wifi hajui, mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Mpwa wangu aliruka miezi mitatu na siri yake, akitapika chooni kisha akitoka na toroli la chai. Alipomwambia msimamizi wake na kuuliza keshapata kiasi gani, alijibiwa asiwe na khofu. Pengine kweli haikuwepo ya kuogopa, lakini yeye aliuliza kiasi.

Na kiasi hujulikana bila ya kifaa: kompyuta hukitoa kwa njia, kimo na saa za safari. Umoja wa Ulaya uliagiza hivyo tangu 1996 kwa kila anayeweza kuvuka milisivati 1 kwa mwaka. Sisi tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki, isimamiayo mambo ya mionzi nchini. Iwatake waajiri wahesabu kila mwezi, kwa kila mhudumu, kabla mwanamke hajalazimika kusema neno.

Safari zake zote mpwa wangu anazo, tarehe na saa, katika daftari la skuli alilolinunua mwenyewe.