Milioni kumi ya 2013 haiko milioni kumi ya leo: kodi, butike zetu na falanga ya nyumbani

Hapa Lubumbashi watu wakisikia kodi imepanda, wanaanza kutafuta sheria mpya: ni waziri gani ametia sinyatire, ni Kinshasa ao ni provensi yetu. Lakini kwa mwenye butike ndogo, kodi iliyopanda kuliko zote ni ile ambayo hakuna mtu aliigusa. Namba iko palepale ilipoandikwa, falanga njo ilikimbia.

Sheria ya Februari 2013, ile ya biashara ndogo, iligawanya watu hivi. Kama mwaka mzima mauzo yako haikuvuka milioni 10 za franka, wewe ni mikro, unalipa DGI (ofisi ya kodi ya serikali kuu) 50.000 FC kwa mwaka na mambo imeisha. Ukitoka 10 mpaka 80 unaingia kundi ya biashara ndogo, unalipa 1% ya mauzo yote kama unauza vitu, ao 2% kama kazi yako ni huduma, saluni, kushona, kutengeneza simu. Kupita milioni 80 ni habari ingine, ni TVA (ile kodi inayoongezwa juu ya bei) na kontabilite ya kweli. Bon, wakati ule dola moja ilikuwa karibu 920, kwa hiyo milioni 10 ilikuwa dola 10.800 na zaidi, mtu wa kufikisha pale alikuwa anasalimiwa vizuri mtaani. Mwaka 2024 dola ilikuwa inazunguka kwa 2.800, na milioni 10 ileile ikabaki kama dola 3.500 hivi. Igawanye kwa siku za kazi, inatoka karibu franka 32.000 kwa siku. Mama anayeuza mifuko miwili ya bunga ya kilo 25 kila siku ameshavuka, na ukimuita tajiri atakucheka.

Najua mtu atanijibu kwamba franka ilijikaza mwisho wa 2025, dola ikashuka chini ya 2.500. Ni kweli, na tulifurahi. Lakini kutoka pale mpaka 920 bado ni safari.

Kuko jambo lingine linaloniuma zaidi, nalo halisemwi sana. Hiyo 1% inapigwa kwa mauzo, haipigwi kwa faida. Tuseme mama anauza mfuko 40.000, na akishatoa bei ya kununulia, transport ya kutoka mpakani Kasumbalesa na kijana wa kubeba, anabaki na 2.000. Moja kwa mia ya 40.000 ni 400. Mia nne kwa elfu mbili, hiyo ni 20% ya chakula ya watoto wake. Sasa chukua saluni: mteja analipa 10.000, mafuta na mesh imekula 3.000, imebaki 7.000. Mbili kwa mia ya 10.000 ni 200, haifike hata 3% ya kile kilichobaki. Kwenye karatasi saluni njo inalipa mara mbili, kumbe mwenye bunga ndiye anakamuliwa. Kila mtu anakula bukari, faida ya bunga ni ya kukwangua, na sheria inamuona kama muuzaji wa simu za bei.

Mimi nasema kile kiwango cha milioni 10 kifungwe na kitu kinachofuata bei, basi, haihitaji profesa. Na msiniambie kupiga kelele haisaidie. Mnakumbuka RAM, ile takse ya kuandikisha simu? Ilianza 2020, uniti zilikuwa zinapotea ndani ya simu kama zimekunywa maji, watu wakalalamika, wadeputé wakalalamika, na 2022 ikaondolewa. Session ya bajeti inafunguka tarehe 15 Septemba kila mwaka, na pale njo namba za kodi zinaweza kusogezwa. Deputé anayekuja kuomba kura kwenye komini zetu za Katuba, Ruashi na Kenya aulizwe hiyo, asiulizwe t-shirt tu.

Wakati tunangoja, mtu afanye nini? Kaye. Daftari ya kawaida ya mtoto wa shule, mistari, kalamu ya bleu. Nilikuwa kwa mama mmoja mwenye depo kule Katuba wakati ajenti wa servisi fulani aliingia, akaangalia mifuko, akaangalia friji ya maji, akasema: "Mama, wewe hauko mikro tena. Pamoja na penalite ni dola mia tatu." Mama hakupandisha sauti. "Papa, umehesabu na nini?" "Si naona stock." Akamuletea kiti, akamuletea kaye. Kila siku mstari wake: ameuza ngapi, amenunua ngapi, na pembeni safu ndogo ameandika NYUMBANI, yaani bunga iliyotoka depo kwenda sufuria. Siku ya matanga ya jirani, sifuri, alifunga. Ajenti akafungua kurasa, akarudi nyuma, akatafuta mahali pa kushika, zile dola mia tatu zikaanza kupotea mdomoni mwake yenyewe, mwisho akaomba falanga ya sukre, ya soda. Alipewa maji ya baridi.

Bila ile kaye angehesabiwa kwa macho. Na siyo ujanja wa ajenti peke yake, sheria ya procedure ya 2003 inaruhusu fisk, yaani ofisi ya kodi, kukukadiria yenyewe kama haukudeklare, na yule anayekadiria hana sababu ya kukadiria kidogo. Ile safu ya NYUMBANI mimi naipenda kuliko zote, sababu wengi wetu tunakula butike bila kujua, mafuta leo, sabuni kesho, halafu Desemba tunashangaa kapitali imeenda wapi na tunasema ni ndoki, uchawi.

Kitu cha pili ni kujua nani amegonga mlango. DGI ni kodi ya serikali kuu. DGRAD ni mambo ya haki za kiserikali na ruhusa mbalimbali. DRHKAT ni ya provensi, Haut-Katanga tangu Katanga ilipogawanywa 2015. Halafu komini, na jeton yake ya soko. Kila mmoja anasema "serikali" na unadhani ni mtu mmoja, kumbe hawasomi hata karatasi za wenzao. Kuko ordonansi-sheria ya tarehe 13 Machi 2018 yenye orodha ya kodi na takse za provensi na za komini, na takse ambayo haina mahali kwenye orodha, uliza kwa heshima imetoka wapi. Omba ordre de mission, ile karatasi ya kutumwa kazi, soma jina, soma muhuri, soma tarehe, maana zingine zimekufa zamani. Falanga ya kodi inaenda banki na unarudi na bordero ya malipo, haiendi mfukoni mwa mtu aliyesimama mlangoni. Jeton nazo zitunze zote, hata zile zimekunjika kama karatasi ya pipi, weka ndani ya kopo moja. Mtu akisema haukulipa mwezi wa tatu, unamwaga kopo mezani.

Sasa kwa wenye mshahara. Mwisho wa 2023 Bunge ilipitisha sheria mbili kubwa, moja ya kodi ya kampuni na moja ya mapato ya watu, ili kuacha ule mfumo wa 1969 wa kukata kila aina ya mapato kivyake. Hiyo ni kazi ya wakontable, mimi nataka tuongelee kitu kimoja kidogo ambacho watu wanakiacha mezani: watu unaolisha. Kwenye IPR tuliyoizoea, ile kodi ya mshahara, kodi yako ilikuwa inashuka 2% kwa kila mtu uliye naye kwenye mzigo, mpaka watu 9. Tuchukue mshahara wa franka 800.000 kwa mwezi, baada ya kutoa ile 5% ya CNSS, mfuko wa pansioni. Franka 162.000 za kwanza zilikuwa zinakatwa 3%, iliyobaki 15%, jumla ilikuja 100.560. Uko na mke na watoto watano, wote wameandikwa, hiyo ilikuwa 12%, ulikuwa unabakisha zaidi ya 12.000 kila mwezi, karibu 145.000 kwa mwaka. Wameandikwa, nasema. Kuna baba niliongea naye, fishi yake ya kazi ina mtoto mmoja tu, yule wa wakati alipoajiriwa, na yule mtoto leo anaendesha taksi. Wengine wanne hawajulikani na serikali kabisa. Peleka akti za kuzaliwa kwa mtu wa personeli wiki hii, na kama hauna akti, huko njo kwa kuanzia, na usingoje mtoto afike darasa la sita njo ukimbie etat-civil.

TVA nitaipita haraka. Ni 16% tangu tarehe 1 Januari 2012, na yule ambaye hajaandikishwa kwa TVA hana ruhusa ya kuikuongezea kwenye faktire. Ukiona butike ya chumba kimoja imeandika "TVA 16%" kwa bic, uliza namba ya impôt na hiyo TVA inaenda wapi. Ile faktire mpya, normalize, yenye kile kimraba cha kuskani kwa simu, wafanyabiashara wanainung'unikia, mimi kama mnunuzi siilalamikii, angalau najua 16% yangu imeonekana na DGI.

Na kwa wapangaji: sheria ya Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kulala haivuki miezi 3. Mwenye lupango akikuomba sita, ile mitatu ya ziada ni akiba yako inayolala kwake.

Kuhusu kuweka akiba, mimi siamini maneno ya "weka asilimia fulani ya mapato", watu wa soko hawana mapato ya mwisho wa mwezi. Ninachoona kinafanya kazi ni kutoa kodi kila jioni kabla ya kuhesabu faida. Umeuza 120.000, franka 1.200 inaingia M-Pesa ao Airtel Money, kwenye namba ambayo hauitumii kwa kitu kingine, na unatoa mara moja tu wakati wa kulipa, sababu kila kutoa kunakula frais. Likelemba, ile ya kuchanga na kupokea kwa zamu, ni nzuri, nasema wazi, ila ipange zamu yako ianguke Agosti, kabla ya masomo kufunguka, na usiipangie kodi, maana siku ya fisk haingoji zamu ya mama wa tatu ambaye mtoto wake ameugua.

Halafu hii ya dola na franka. Tumezoea kuficha kila kitu kwa dola, na kwa miaka mingi tulikuwa na haki. Lakini mwisho wa 2025 wale waliokuwa na deni za franka na akiba za dola walienda kwa kambisti wakarudi na bunda nyembamba kuliko walivyotarajia. Kodi ya mikro na takse za komini zimeandikwa kwa franka, basi hiyo akiba ibaki franka. Minerval ya shule ya private na loyer vinaombwa kwa dola, hiyo ibadilishe kidogo kidogo kila wiki, usibadilishe yote Jumamosi moja asubuhi na roho inakupiga.