Tuhesabu miti iliyosimama, tuache kuhesabu miche

Mtanzania akifika hapa Ufini kwa mara ya kwanza hushangazwa na msitu. Unaanzia nyuma ya nyumba za watu na unaendelea mpaka macho yachoke. Takribani robo tatu ya nchi ni miti. Ni rahisi kudhani wenzetu walipendelewa tu. Lakini karne ya 18 na ya 19 walikuwa wakiuteketeza kama sisi tunavyoteketeza misitu yetu ya miombo. Wakulima walifyeka, wakachoma, wakavuna misimu michache, kisha wakahamia kwingine. Wengine walichoma misindano kwenye mashimo ili kupata lami ya kupaka meli za Ulaya. Hofu ya kubaki bila msitu ndiyo iliyozaa sheria ya mwaka 1886 ya kukataza uharibifu. Uhuru wakaupata mwaka 1917, mwaka uliofuata wakapigana wao kwa wao, na mwaka 1921, wakiwa bado maskini, wakatuma watu kwenda kupima misitu ya nchi nzima.

Hapo ndipo ninapoona tofauti yetu kubwa, kuliko hata fedha.

Kupima kwenyewe ni kazi ya kuchosha. Kikosi kinafika kwenye alama yake, mmoja anapima unene wa shina kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, anataja aina ya mti, kimo chake, kama una ugonjwa, mwenzake anaandika. Mti kwa mti. Maeneo mengine yana alama za kudumu, kwa hiyo baada ya miaka kadhaa wanarudi kwenye miti ileile. Duru ya 13 ya upimaji huo ilikamilika mwaka 2023. Serikali zimekuja na kuondoka, kazi haikuachwa. Ndiyo maana wanaweza kusema kwa uhakika kwamba ujazo wa miti iliyosimama umepanda kutoka kama mita za ujazo bilioni 1.5 miaka ya 1920 hadi kama bilioni 2.5 leo, na muda wote huo wamekuwa wakivuna na kuuza.

Nyumbani, karatasi si tatizo. Tuna Sera ya Misitu ya 1998, Sheria ya Misitu ya 2002, Wakala wa Huduma za Misitu, na mkakati wa utekelezaji wa 2021 hadi 2031. Tatizo ni kwamba haturudi kuangalia. Kila halmashauri imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na taarifa zinaandikwa kwa idadi ya miche. Kiangazi kikishapita, mbuzi wakishakula na moto ukishapita, nani anatumwa kuhesabu iliyoshika? Mche uliokauka unabaki kwenye taarifa kama mti.

Upimaji wetu wa kwanza wa nchi nzima, NAFORMA, ulitoa matokeo yake mwaka 2015: hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya ardhi ya Tanzania Bara, na tunapoteza takribani hekta 372,000 kila mwaka. Mfadhili wake mkuu alikuwa serikali ya Ufini. Nashukuru kwa dhati, na inaniuma vilevile. Nchi haiwezi kupanga miaka hamsini ya misitu yake kwa kusubiri mfadhili ajisikie kutuhesabia.

Halafu tunapanda hata pale pasipohitaji kupandwa. Sehemu kubwa ya misitu yetu ni miombo, na miombo ikikatwa huchipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi, ilimradi isilimwe, isichomwe kila mwaka, na mifugo isiachiwe kwenye machipukizi. Shinyanga walilionyesha hilo. Ardhi ilikuwa imefyekwa kwa ajili ya pamba, na kabla ya hapo kwa ajili ya kuangamiza mbung'o. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986, kilichofanya kazi kuliko vyote ni ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho mpaka kiangazi. Maelfu kwa maelfu ya hekta yakarudi. Mpango wa kitaifa unaojua hilo utatenga fedha za kuzuia moto na kupima mipaka kabla ya kununua mche hata mmoja.

Na mipaka ni muhimu kwa sababu karibu nusu ya misitu yetu iko kwenye ardhi ya vijiji, nje ya hifadhi, na huko ndiko shamba jipya na tanuri la mkaa vinakoingia kwa urahisi. Hapa Ufini sehemu kubwa ya msitu ni mali ya familia za kawaida. Mwenye msitu anakata, lakini anatoa taarifa kwanza, na akikata wote analazimika kuhakikisha mwingine unaota. Anatunza kwa sababu anajua mjukuu wake ndiye atakayeuza. Sisi tuna mfano wetu: Duru-Haitemba kule Babati, ambako miaka ya 1990 wanakijiji walikataa msitu wao kufanywa hifadhi ya serikali, wakaachiwa wautunze wenyewe. Vijiji vya Kilwa vinavuna mpingo kwa mpango na fedha inaingia kwenye mfuko wa kijiji. Mkijua mtakula nao, mtaulinda.

Mufindi na Njombe watu wamepanda misindano kwa bidii, naijivunia kazi ile. Ila ada ya shule ikibana, mti unakatwa ukiwa mchanga, unapasuliwa na dingdong, mashine ndogo ya kupasua mbao, na mbao inajipinda ikikauka. Mkopo nafuu wa kumwezesha mkulima asubiri mti ukomae ungekuwa sera bora ya misitu kuliko hotuba yoyote.

Wafini nao wanakosea. Miaka ya karibuni wamevuna sana, ukuaji wa misitu umepungua, na sekta yao ya ardhi na misitu imeanza kutoa hewa ya ukaa nyingi kuliko inayonyonya. Wanabishana vikali bungeni na magazetini, lakini wanabishana juu ya takwimu walizopima wenyewe.

Dira yetu ya 2050 ina miaka 25. Ndani yake tunaweza kuipima misitu mara tano kwa fedha za bajeti yetu, na vijana wetu wa chuo cha misitu cha Olmotonyi na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) wanaiweza kazi hiyo kabisa. Wabunge, wekeni kifungu hicho kwenye bajeti ijayo ya Maliasili.