Hesabu usiku wako kwanza, inveta baadaye

Mwezi wa pili shemeji yangu wa Goba alinipigia simu mchana, kafunga sola ana siku tatu tu, jua la saa saba linawaka kabisa na inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumia nyumbani, inaonyesha sifuri upande wa paneli. Fundi anasema paneli nzima, dukani wanasema inveta nzima, na kweli vyote vilikuwa vizima. Nikaenda nikasoma kile kibandiko cha ubavuni: upande wa paneli inataka volti 120 mpaka 450. Yeye ana paneli mbili za wati 550, kila moja ikiwa kazini inatoa kama volti 41, ukiziunga mfululizo, yaani moja nyuma ya nyingine volti zijumlishwe, ni 82, na kwa 82 ile inveta haiamki. Tatu kwa joto la Dar zinagusa mpakani tu, kwa hiyo pale unaanzia nne. Hakuna aliyemwambia.

Inaniuma kwa sababu watu wanatoa akiba ya miaka, halafu swali la kwanza dukani linakuwa "inveta ya kilowati ngapi?" Mi nasema anza na usiku wako. Feni mbili za wati 60 kwa masaa tisa ni uniti moja na kidogo. Friji usiku kucha weka nusu uniti. Taa, tv na ruta nusu nyingine. Hapo una uniti 2 hivi, lakini kuna mlaji ambaye hatajwi kabisa, inveta yenyewe. Nyingi za kilowati 5 zinakula kama wati 50 hata kama hujawasha kitu, yaani toka magharibi mpaka alfajiri uniti 0.6 imeshaenda.

Sasa shemeji kafungiwa betri nne za jeli za volti 12, kila moja 100Ah (Ah ni kipimo cha ujazo wa betri, ukizidisha kwa volti unapata uniti zake). Kwenye karatasi ni uniti 4.8, ila jeli ukitaka ikae usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo ana 2.4, toa 0.6 ya inveta inabaki 1.8. Saa kumi usiku feni zinasimama, watoto wanaamka na jasho. Na betri zenyewe kaziweka stoo chini ya bati! Betri za aina hii kila joto likipanda nyuzi 10 juu ya 25 umri wake unakatika karibu nusu, na stoo ya bati Februari wote tunaijua.

Ningekuwa mimi na hela ile ile ningechukua inveta ndogo ya kilowati 3 ya volti 24 na lithiamu moja ya volti 25.6 ya 200Ah, hiyo ni uniti 5 na unaweza kutumia 4 bila wasiwasi. Najua watu watasema ukitaka kuongeza mbele utakwama, ni kweli kiasi, ila nyumba nyingi hazifiki kilowati 3 mpaka pasi na birika viwashwe pamoja.

Lithiamu nayo isifungwe kienyeji. Zile zinazoitwa "za 48", yaani za volti 48, ziko mbili kwa idadi ya seli, vile vibetri vidogo vya ndani: yenye seli 15 inajaa kwenye volti 54 na yenye seli 16 inajaa 56 na kitu, wakati inveta nyingi zinatoka kiwandani zimesetiwa kwa betri za asidi, 56.4. Ukiichajia ya seli 15 hivyo, BMS, ile saketi ya ndani inayolinda betri, inakata kujilinda na inveta inaanza kupiga alamu, fundi anakwambia betri mbovu, kumbe ni setingi tu jamani.

Na neno haibridi, yaani inveta inayotumia jua, betri na luku, lisikupumbaze, ukiwa dukani uliza hivi: paneli zikitoa wati 1000 na nyumba inataka 1500, zile 500 zinatoka wapi? Kuna inveta inachanganya jua na umeme wa luku kwa pamoja, na kuna inayohamia luku moja kwa moja ukaliacha jua juani.

Pia usinunue betri kwa kuambiwa italipa luku. Kwa uniti ya shilingi 356 hivi, betri ikikupa uniti 4 kila siku umeokoa kama 1,400, kwa mwaka laki tano na kidogo, gawanya mwenyewe bei ya betri uliyotajiwa. Nunua kwa sababu umeme unakatika na una maziwa ya mtoto kwenye friji, hiyo sababu inatosha kabisa.

Shemeji kaongeza paneli mbili, sasa zikiwa nne mfululizo anapata 164, na saa moja na nusu asubuhi inveta imeshaanza kuchaji. Betri tumezihamishia koridoni kwenye kivuli. Feni bado zinasimama alfajiri, anakusanya hela ya lithiamu.