Marseille, bahari ya watu wote

Likitajwa jambo la mapumziko ya kiangazi kusini mwa Ufaransa, wengi hufikiria Nice, Cannes na boti za matajiri. Mimi kila anayeniuliza namwambia aende Marseille. Ni mji wenye kelele, wenye mitaa iliyochakaa. Mwaka 2018 nyumba za rue d'Aubagne, katikati kabisa ya mji, ziliporomoka na kuua watu 8. Hayo siyafichi. Lakini sijaona mji mwingine wa pwani Ulaya ambako tajiri na mfagia ofisi wanajianika jua kwenye mwamba mmoja bila yeyote kuulizwa tiketi. Kwangu hicho ndicho kipimo cha mji wa bahari.

Siku ianze mapema pale Vieux-Port, bandari ya zamani. Wavuvi hupanga meza ukingoni mwa gati, mashua zao nyuma yao: mkundaji mwekundu, mkunga, pweza ambaye bado anajivutavuta kwenye beseni. Simama utazame samaki mmoja anavyoandaliwa. Mapezi yanakatwa kwa mkasi, magamba yanaparwa kuanzia mkiani, tumbo linapasuliwa, linasuuzwa, mzigo unafungwa na kukabidhiwa, na muda wote huo muuzaji hajaacha kuzungumza. Hatua chache tu kutoka hapo kuna paa la chuma king'aavu lililobuniwa na Norman Foster, likawekwa mwaka 2013. Ukiinua uso unajiona kichwa chini miguu juu pamoja na umati mzima, na watoto hulala chali ili wajitazame vizuri.

Kisha twende majini. Ufuko wa Catalans unafikika kwa miguu kutoka bandarini. Basi namba 83 nalo linafuata barabara ya Corniche hadi fukwe za Prado, ambazo zimejengwa kwa udongo na mawe yaliyochimbwa wakati wa kutengeneza metro ya mji. Sisi tuliokulia Tanga hatuendi kuogelea kabla ya kujua kama maji yamejaa au yamekupwa. Huku hilo halipo. Bahari ya Mediterania inapanda na kushuka kidogo mno hata huoni, kwa hiyo saa yoyote ni saa ya kuogelea. Cha kuuliza ni upepo. Mistral ukivuma kutoka kaskazini unayasukuma nje maji ya juu yenye uvuguvugu, yale ya baridi yanapanda kutoka chini, na unaweza kujitosa katikati ya Julai ukatoka meno yanagongana.

Hapa ndipo nataka nikae kidogo. Watu wale waliojaa mchangani hawakufika kwa bahati. Juni 1936, chini ya serikali ya waziri mkuu Léon Blum, wafanyakazi wa Ufaransa walipata likizo ya wiki mbili yenye malipo kwa mujibu wa sheria, na nauli za treni zikapunguzwa ili wafike walikotaka. Leo likizo hiyo ni wiki 5. Halafu ikaja sheria ya pwani ya Januari 3, 1986, inayosema kwamba ufuko ni wa umma na kuutumia ni bure. Mwenye kukodisha viti na miavuli anaruhusiwa, lakini kwenye ufuko wa asili lazima asilimia 80 ya eneo ibaki wazi. Na wananchi wanailinda haki hiyo. Julai 2015, ufuko mdogo wa Vallauris, karibu na Cannes, ulipofungwa kwa ajili ya mfalme wa Saudi Arabia aliyekuja kupumzika kwenye jumba lake, zaidi ya watu laki moja walitia saini kupinga. Mfalme akaondoka mapema kuliko ilivyotarajiwa. Nalikumbuka tukio hilo kwa furaha, kwa sababu na sisi Tanzania tuna sheria ya mazingira ya 2004 inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, na bado kuna kuta nyingi ambazo mtoto wa pwani anazizunguka ili aikute bahari aliyozaliwa nayo.

Chakula cha mchana nakifuata L'Estaque, upande wa kaskazini. Kiangazi kuna boti ya usafiri wa umma kutoka Vieux-Port, na safari yenyewe ni sehemu ya mapumziko. Cézanne na Braque walikuja kuchora hapa. Wenyeji wanakuja kula panisse, vipande vya unga wa dengu vilivyopikwa uji mzito, vikapozwa, vikakatwa na kukaangwa. Ukionja cha moto chenye chumvi na pilipili manga, bajia za dengu zitakujia mdomoni. Mbele kidogo kuna fukwe za Corbière, ambako familia za mitaa ya kaskazini, ile ya watu wa kipato cha chini, huja na majokofu yao ya mkono, mikeka na bibi zao. Wamo Wangazija wengi, maana Marseille ina Wakomoro kwa makumi ya maelfu. Mtu wa Unguja au Tanga akikaa karibu nao hachukui muda kudaka neno hapa, neno pale, na salamu ikishapita mnagawana tikitimaji.

Jua likianza kuchoma, rudi mjini utafute kivuli Fort Saint-Jean. Ngome hiyo imeunganishwa kwa daraja jembamba la miguu na jumba la makumbusho la Mucem, kazi ya msanifu Rudy Ricciotti, na bustani zake unaingia bure. Jioni wazee hurusha matufe yao ya chuma uwanjani na hakuna anayeharakisha. Mwezi Julai jua linazama baada ya saa tatu usiku.

Ukipata siku ya pili, nenda calanques, yale magenge meupe yenye vighuba vya maji ya buluu. Kwa Sugiton, mojawapo ya vighuba hivyo, lazima uweke nafasi kabla wakati wa kiangazi, kwani tangu 2022 wanaruhusiwa watu 400 tu kwa siku. Miguu ya maelfu ilikuwa inaumomonyoa udongo unaoshikilia misonobari. Baadhi ya watu wanalalamika kuwa hiyo ni kufunga bahari kwa njia nyingine. Sikubaliani nao. Nafasi hailipiwi hata senti, na mwenye jumba kubwa anaiomba kwa fomu ile ile anayojaza kijana wa mitaa ya kaskazini.