Tahadhari ya mvua ituambie mtaa, saa na pa kwenda

Ndugu wa nyumbani Tanzania wakisikia naishi Oklahoma, huanza na tornado, ule upepo mkali unaozunguka kama pia, kisha husema Wamarekani wametushinda kwa mitambo. Rada wanazo, tena nyingi. Lakini kwa jinsi ninavyoona hapa Norman, penye kituo cha taifa cha kutabiri dhoruba, cha kuiga zaidi ni namna wanavyozungumza na mwananchi.

Tangu 2007 tahadhari ya tornado haitolewi kwa kaunti nzima. Mtabiri huchora kwenye ramani eneo dhoruba inakoelekea, na ujumbe hulengwa kwa simu za walio humo. Unakuambia tahadhari inaisha saa ngapi, na ufanye nini sasa hivi: shuka handakini, au ingia chumba cha ndani kabisa kisicho na dirisha. Kwenye televisheni mtangazaji anataja makutano ya barabara moja baada ya jingine, na dakika dhoruba itakapofika. Mei 20, 2013, tornado ya daraja la juu kabisa ilipoelekea mji wa Moore, hapa Oklahoma, tahadhari ilitoka dakika 16 kabla haijagusa ardhi. Walikufa watu 24, saba kati yao watoto katika shule moja. Ukiona picha za mitaa iliyosagwa, unaelewa dakika zile ziliokoa wangapi.

Sasa chukua tangazo letu tulilolizoea: angalizo la mvua kubwa kwa maeneo machache ya mikoa ya Dar es Salaam, Pwani, Tanga, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba; uwezekano wa kutokea ni wastani. Mama wa mtaa wa Jangwani, bondeni Dar es Salaam, afanye nini na maneno hayo?

Simlaumu mtabiri. Inaniuma watu wanapowakejeli TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, walikifuatilia na kutoa taarifa mfululizo hadi kikafika Mafia, na boti za Dar na Zanzibar zikasitisha safari. Utabiri ule ulifanya kazi kwa sababu mwenye boti akisikia upepo mkali anajua la kufanya: hang'oi nanga.

Bondeni ni habari nyingine. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, hivyo maji yanaweza kuvamia Kigogo na Jangwani kwa mvua iliyonyesha huko juu. Kati ya mto kujaa juu na maji kuingia ndani ya nyumba za chini kuna muda, na muda huo tunaupoteza kila masika. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu walipewa viwanja Mabwepande, mbali na riziki zao, na bonde halikubaki tupu. Mwambie mtu ahame bila kumwambia alale wapi usiku huu na nani atamlindia vyombo, atapanga godoro juu ya meza na kusubiri maji yapungue.

Huku nako si peponi. Mei 31, mwaka uleule wa 2013, familia za wahamiaji kutoka Guatemala zilijificha tornado ndani ya mfereji wa maji ya mvua jijini Oklahoma City, mafuriko yakawasomba. Mimi mhamiaji hilo linanigusa sana. Mgeni anaweza kuukimbia upepo bila kupata wa kumwambia kwamba pale si pa kujificha.

Sisi mtu huyo tunaye: mjumbe, imamu, mama wa kikoba. Hidaya ilipokaribia, Mei 4, gridi ya taifa ilizimika, televisheni zikawa kimya. Mjumbe hahitaji umeme kubisha hodi. Basi maji yakipanda juu ya mto, apigiwe simu yeye kwanza. Aambiwe nyumba za upande gani zitoke, kabla ya saa ngapi, na shule ipi itawapokea. Na kabla masika hayajaanza, mtaa mzima ujue ufunguo wa shule hiyo usiku anao nani.